Muulize Mwalimu: Waandike kwanza, ndipo washike

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja, kujifunza kwa vitendo katika shule za sekondari. Nimechagua tano. Nyingine nitazijibu toleo lijalo.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sayansi darasa la wanafunzi zaidi ya 70. Maabara hatuna, na kipindi ni dakika 40. Kila nikisoma kuhusu kufundisha kwa vitendo nakuta vifaa nisivyo navyo. Nianzie wapi? (Mwalimu kijana)

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Anzia kwenye rula ya sentimita 30. Wanafunzi wako wengi wanayo begini.

Wapange wawili wawili. Mmoja aishike rula kwa juu, ining'inie wima, sifuri ikiwa chini. Mwenzake aweke kidole gumba na cha shahada pande mbili za ile sifuri, bila kuigusa. Wa kwanza aiachie bila kutoa ishara yoyote, wa pili aidake. Kisha wasome zimepita sentimita ngapi. Kwa kuwa rula inavutwa na dunia tu, umbali huo unatupa muda: sentimita 5 ni sekunde 0.10, sentimita 10 ni sekunde 0.14, 15 ni 0.17, 20 ni 0.20, na 30 ni 0.25. Andika jedwali hilo ubaoni. Wale wanaopenda hesabu waulize limetoka wapi, na wengine watalipata wenyewe kutoka kwenye kanuni ya mwendo wa kitu kinachoanguka.

Ila kabla rula haijaguswa, kila mmoja aandike daftarini, kwa kalamu ya wino, anachotarajia. Mkono wa kushoto utachelewa kuliko wa kulia? Kwa kiasi gani? Ukifumba macho, mwenzako akatamka "sasa" anapoachia, utawahi zaidi au utachelewa? Katika hili sina msalie Mtume. Mwanafunzi asiyeandika utabiri wake, jibu lolote litakalotoka atasema alilijua. Aliyeandika analazimika kuuangalia mwandiko wake mwenyewe na kueleza kwa nini mambo yamekwenda vingine, na katika kueleza huko ndiko anakojifunza.

Muda si mrefu atapatikana kijana atakayedaka kwenye sentimita 3, na wenzake watamshangilia. Usimkatalie. Liulize darasa sentimita 3 ni muda gani. Ni kama sekunde 0.08. Hapo waeleze kwamba katika mashindano ya kimataifa ya riadha, mkimbiaji wa mbio fupi akianza kabla ya sekunde 0.1 kupita tangu mlio wa kuanzia, anahesabiwa amefanya kosa, maana inachukuliwa kwamba hakuungoja mlio, aliubahatisha. Kisha nyamaza. Wataigeukia ile sentimita 3 wao wenyewe, wataanza kubishana kama ihesabiwe au itupwe, na itupwe kwa sababu gani. Ubishi huo usiukatize.

Vivyo hivyo kwenye lile jaribio la "sasa". Kuna mtu atauliza: tutajuaje kama anayetamka anatamka sawia na kuachia, si kabla wala baada? Hilo ndilo swali bora litakaloulizwa siku hiyo. Mpe kazi aliyeuliza, atafute namna ya kuliondoa tatizo. Kila mmoja akidaka mara tano na kutafuta wastani wake, una vipimo 70 vya kuchora ubaoni, na humo ndani kuna fizikia, kuna mfumo wa neva, kuna takwimu. Gawa kipindi hivi: dakika 5 za kutabiri, 15 za kudaka, na zote zilizobaki za kujadili. Walimu wengi hufanya kinyume, wakadakisha mpaka kengele inalia.

Mwalimu, salaam. Nilisimamisha mshumaa kwenye sahani ya maji, nikauwasha, nikaufunika kwa glasi. Ulipozimika, maji yakapanda ndani ya glasi. Nikaeleza nilivyofundishwa: oksijeni imeisha, maji yamechukua nafasi yake, na ndiyo maana yamepanda kama moja ya tano. Msichana mmoja akasema maji yalipanda moto ulipokuwa umekwisha kuzimika, si ulipokuwa unawaka. Nimjibu nini?

Mwambie ameona sawasawa, na mwambie mbele ya darasa zima. Maelezo uliyopewa yamezunguka vitabuni miaka mingi na si sahihi.

Fuata alichokiona. Kama oksijeni inayotumika ndiyo inayoyavuta maji, basi yangepanda polepole kadiri moto unavyowaka. Hayafanyi hivyo. Yanapanda kwa kasi pale moto unapofifia na kuzimika. Sababu kubwa ni joto. Unapoiteremsha glasi juu ya moto, hewa ndani yake inapashwa na kutanuka, na nyingine inatoka. Angalia ukingo wa glasi, mara nyingi utaona viputo. Moto ukizimika, hewa iliyobaki inapoa na kusinyaa, ndipo hewa ya nje inayasukuma maji kuingia. Oksijeni yenyewe haiishi, kwa sababu mshumaa huzimika ingali ipo nyingi. Na ile inayotumika haiachi nafasi tupu, inageuka kabonidayoksaidi na mvuke. Mvuke ukigandamana kuwa matone, hewa inapungua kidogo, lakini mchango huo ni mdogo ukiulinganisha na wa kupoa.

Sasa usiishie kwenye maelezo, maana utakuwa umebadilisha tu kauli ya kukariri. Rudia jaribio kwa mshumaa mmoja, kisha miwili, kisha mitatu, glasi ile ile. Kabla ya kuwasha, waandike: maji yatapanda sawa, au yatatofautiana? Kama ni suala la oksijeni tu, glasi ni ile ile na oksijeni ni ile ile, kwa hiyo maji yasimame pale pale. Yatapanda zaidi kwa mishumaa mitatu. Nimeona watu wazima wakiomba liwashwe tena ili wahakikishe.

Ukitaka kuonyesha ile moja ya tano kwa haki, tumia nyuzi laini za chuma za kusugulia vyombo. Zioshe vizuri mafuta yatoke, zilowanishe, zibane chini kabisa ya chupa ndefu nyembamba, kisha pindua chupa mdomo wake uzame kwenye beseni la maji. Weka alama ya maji nje ya chupa kila siku. Chuma kinaposhika kutu kinachukua oksijeni na kuifunga ndani ya kutu, hakirudishi gesi yoyote. Baada ya siku kadhaa maji yatakuwa yamepanda karibu moja ya tano ya nafasi ya hewa na kukoma hapo, kwa kuwa oksijeni ni asilimia 21 ya hewa. Hili halina moto wala kishindo, na ndilo lenye ukweli.

Mwalimu, binti yangu hupewa kazi za kutengeneza maumbo: mfumo wa jua, moyo, seli. Tunakesha tunakata na kupaka rangi, na mwishowe mimi ndiye ninayemalizia. Je, hilo ni kujifunza? (Mzazi)

Mama, rangi ikimaliza usiku mzima na fikra zikapata dakika mbili, hapana. Na ukimalizia wewe, umejifunza wewe.

Kazi yenyewe lakini si mbaya, inakosa swali tu. Akileta kazi ya seli, muulize: umbo lako lina upana gani? Akisema sentimita 30, mwambie akokotoe. Seli nyingi za wanyama zina upana wa maikromita 10 hadi 20, na maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita. Tuchukue 20. Kutoka maikromita 20 hadi sentimita 30 ni kukuza mara 15,000. Kwa kipimo hicho kiini chenye maikromita 6 kinakuwa na sentimita 9. Mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati, yenye unene wa maikromita 1 inafikia sentimita moja na nusu. Na utando wa seli, ambao katika maumbo mengi ya shule huviringishwa mnene kama kidole? Unene wake halisi ni kama nanomita 8 (nanomita ni sehemu ya elfu ya maikromita), hivyo kwenye umbo lake unatakiwa uwe milimita 0.12, yaani karatasi ya daftari. Akilipata hilo kwa hesabu yake, mkabidhi gundi, wewe kalale.

Walimu wa sayansi wanapendelewa! Mimi nafundisha historia. Kwangu vitendo ni vipi zaidi ya kuigiza vita?

Kuigiza vita mimi sikupendekezei, wanafunzi hukumbuka kelele. Kazi ya mikono ya mwanahistoria ni ushahidi, kwa hiyo watengenezee ushahidi.

Panga na mwenzako wa ofisini. Katikati ya kipindi aingie, mzungumze nusu dakika, akuachie bahasha, achukue kitabu kingine mezani, aondoke. Asiwepo mtu wa kupigana wala kutisha. Simu yako iwe imewekwa pembeni inarekodi. Endelea kufundisha kama kawaida, na baada ya dakika 10 waambie kila mmoja aandike peke yake kilichotokea: alivaa nini, alisema nini, alichukua nini, mkono upi. Wasomeane. Utasikia bahasha ya rangi tatu tofauti na maneno ambayo hayakutamkwa. Kabla ya kuwaonyesha video, wapigie kura simulizi wanayoiamini na waandike kwa nini. Je, kwa sababu aliyeandika alikaa mbele? Kwa sababu ana maelezo mengi? Kwa sababu wawili wanakubaliana, na je, hao wawili walikaa pamoja wakaandika huku wakichungulia?

Siku inayofuata lete maandishi mawili ya zamani yanayopingana kuhusu tukio moja la mtaala wako. Watayauliza maswali yale yale bila kusukumwa.

Shikamoo Mwalimu. Tukifanya jaribio la pendulamu kutafuta g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka, jibu letu haliwi 9.8 kama la kitabu. Kiongozi wa kikundi anatuambia tufute tuandike namba zitakazoleta 9.8, ili tupate alama. Nifanye nini? (Mwanafunzi)

Marahaba, mwanangu. Msifute. Namba yenu ina habari ndani yake, na wewe unaweza kuisoma.

Mlifunga jiwe kwenye uzi, mkahesabu mibembeo 20, mkagawanya muda kwa 20. Mlifanya vyema kuhesabu 20 badala ya mmoja: kuchelewa kwa kidole kwenye saa, ile sekunde 0.2 ya mchezo wa rula hapo juu, kunagawanyika kwa 20 na kubaki 0.01. Sasa angalia jibu lenu. Limekuja karibu na 10.9? Basi aliyehesabu alitamka "moja" palepale jiwe lilipoachiwa, mkaishia kuhesabu mibembeo 19 mkidhani ni 20. Rudieni, aanze kwa kutamka "sifuri". Limekuja karibu na 9.1, na uzi wenu ulikuwa sentimita 25? Nina hakika mlipima uzi peke yake mkaishia pale jiwe lilipofungwa. Urefu wa pendulamu ni kutoka inaponing'inia hadi katikati ya jiwe. Kama hapo kuna sentimita 2 mlizoziacha, urefu halisi ni 27, na hesabu yenu ya kutumia 25 itatoa 9.1 kila mara, hata mkirudia kutwa nzima.

Msiyachanganye makosa haya mawili. Mkiyafanya yote kwa pamoja mnaweza kupata 10.1, ambayo inapendeza kuliko yote mawili na haina heri yoyote. Andikeni ripoti hivi: jibu la kwanza, mnachoshuku, mlichobadilisha, jibu la pili. Mwalimu wako akiiona atajua nani amefanya kazi.

Na kama hamjui kosa ni lipi, fungeni uzi wa mita 1. Mbembeo mmoja, kwenda na kurudi, utachukua karibu sekunde 2. Zile sentimita 2 za jiwe sasa zitalishusha jibu hadi 9.6 tu, wakati kosa la kuhesabu bado litawapa 10.9. Kwa hiyo jibu likisogea mnapoongeza uzi, tatizo lilikuwa kwenye urefu. Likikaa pale pale, msikilizeni vizuri anayehesabu.