Shairi halina vina, nalisomaje?

SWALI: Mhariri mambo, mi nimekulia na mashairi ya redioni, mizani 16 kila mstari, sasa dogo kaniletea Kichomi, kitabu cha mashairi cha Kezilahabi, kurasa tatu sijaona kina hata kimoja, hivi hili nalo shairi kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hahaa, hauko peke yako ndugu yangu, kitabu kilitoka 1974 na watu walibishana mno kuhusu mashairi huru, yaani haya yasiyofuata vina wala mizani, wengine wakagoma kabisa kuyaita ushairi. We acha kuhesabu mizani. Soma kwa sauti, taratibu, mstari unapokatika nawe tulia kidogo ujiulize kwa nini kakata hapo, maana ule mkato ndo unabeba uzito. Na usilazimishe fumbo lifunguke siku hiyohiyo, kuna moja nililisoma jikoni mpaka chai ikafurika, bado sijalielewa ila halinitoki kichwani.