Anzeni na hiragana, si romaji

Uliyeuliza kama kikundi chenu cha Kijapani kianze na romaji (Kijapani kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini kama zetu) au hiragana (herufi za Kijapani zinazowakilisha silabi): hiragana, ndugu yangu, tena leo hii. Herufi za msingi ni 46. Mkijipa safu mbili za jedwali lake (kama herufi kumi) kwa siku, wiki haiishi mmemaliza. Sisi tunaozungumza Kiswahili tumebebwa hapa. Irabu zao ni a, i, u, e, o kama zetu (ila kwenye u midomo hawaichongoi sana), na silabi nyingi huishia kwa irabu.

Kinachotuangusha ni urefu wa sauti. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Ukiteleza hapo umemzeesha mtu. Kwa hiyo pigianeni simu msomeane kwa sauti, msiishie kuandikiana tu.

Halafu kitenzi hukaa mwisho: "nakunywa chai" ni ocha o nomimasu, yaani chai nakunywa. Na mtacheka, maana nani yao ndiyo "nini" yetu. "Nani" yetu wao husema dare. Kanji (herufi zenye asili ya Kichina) ziacheni kwanza mpaka katakana, yaani herufi za silabi za kuandikia maneno ya kigeni, ikae kichwani.