Kaibwa, kaibiwa au kapunjwa?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naandika kutoka Kirumba, Mwanza. Jumamosi kibandani kwetu walirudia pambano la kwanza la mabondia Golovkin na Álvarez, lile la mwaka 2017. Matokeo yalipotangazwa kijana mmoja akaruka: "Golovkin kaibwa!" Mzee anayeuza dagaa Mwaloni akamrudi: "Mtu haibwi, anaibiwa." Wa tatu akawakata wote wawili: "Hakuibwa wala hakuibiwa. Ilikuwa suluhu. Mtu katoka suluhu, kaibiwa nini?" Wamewekeana soda, na hela nimeshikishwa mimi mpaka ujibu.

JIBU: Marahaba. Mzee wa dagaa kapatia. Kwenye wizi kuna wawili wanaoguswa: kitu kinachoondoka, na mtu anayebaki kashika kichwa. Injini ya mtumbwi ikitoweka usiku kule Igombe, injini ndiyo imeibwa. Mwenye mtumbwi ameibiwa. Ile "-i-" ndogo ya katikati ndiyo inayomwingiza mtu kwenye hasara. Ukiiacha, umemgeuza mtu kuwa mzigo. Mtoto anaweza kuibwa, maana anabebwa mzima mzima, lakini Golovkin siku ile alishuka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe.

Namwelewa kijana, hata hivyo. Vitenzi vingi havimsaidii kuiona tofauti hii. Tunasema "viatu vimenunuliwa", na tunasema "mtoto kanunuliwa viatu", umbo lile lile. "Simu imechukuliwa", "kachukuliwa simu", hali kadhalika. Akizoea hayo, masikio yake yanaacha kuisaka ile "-i-". Lakini mpeleke jikoni uone kama hatashtuka: wali umepikwa, mgeni kapikiwa. Akisema mgeni kapikwa, hata yeye atacheka. Na hapo hapo ulingoni, nina hakika kijana huyu huyu husema "kaonewa" bila kukosea. Umbo hilo limejengwa sawasawa na "kaibiwa", na hajawahi kusema bondia "kaonwa".

Sasa wa tatu. Kwenye neno kakosea, kwenye hoja ana lake.

Neno kwanza. Watangazaji wetu wa mpira wamejenga mazoea mazuri: timu zikifungana bao moja kwa moja ni sare, zikitoka bila bao ni suluhu. Ngumi hazina sifuri kwa sifuri. Bondia anayepoteza raundi bado anaandikiwa pointi 9, kwa hiyo hata kwa mazoea hayo suluhu haina pa kukaa ulingoni. Halafu suluhu ni ya waliogombana wakapatana. Wale wawili hawakupatana, na mwaka uliofuata walirudiana. Sema sare. Droo nayo inaeleweka, siikatai.

Hoja yake ndiyo ngumu. Kuibiwa kunataka kitu kilichokuwa chako. Golovkin alipanda ulingoni Las Vegas na mikanda yake, akashuka nayo, kwa sababu bingwa akitoka sare mkanda unabaki kwake. Kwa hiyo ukisema "kaibiwa" ukanyamaza, msikilizaji ana haki ya kuuliza: nini? Jibu ni ushindi. "Kaibiwa ushindi, kaachiwa sare." Sentensi hiyo imekamilika, na sarufi haina ugomvi nayo. Kama ni kweli, hilo ni la kadi za majaji, na kadi za usiku ule zinachekesha. Jaji mmoja alimpa Golovkin 115-113. Wa pili aliandika 114-114. Wa tatu alimpa Álvarez 118-110.

Zipigieni hesabu hapo kibandani. Raundi ni 12, anayeshinda raundi anapata 10, mwenzake 9. Akiangushwa mtu huwa 10-8, lakini usiku ule hakuna aliyeanguka. Basi 115-113 maana yake ni raundi 7 kwa 5. 114-114 ni 6 kwa 6. Na 118-110 ni raundi 10 kwa 2. Watu watatu wamekaa kwenye pande tatu za ulingo ule ule: mmoja kaona 7 za Golovkin, mwingine kamhesabia 2 tu. (Na tafadhali tuache kusema "refa kampa". Refa anaamua mambo ya katikati ya ulingo na kuinua mkono wa mshindi. Kadi ni za majaji, nao wanaandika bila kushauriana.)

Hapa ndipo ningependa Kirumba itumie neno ililonalo sokoni kila siku. Mzee wenu anapopima dagaa, anajua kuna sado ya kilele, ile inayojazwa mpaka inamwagika, na kuna sado inayofutwa mdomoni kwa kiganja. Mnunuzi akihesabu, zote ni sado moja. Raundi nayo ni hivyo hivyo. Bondia anaweza kumchakaza mwenzake dakika 3 nzima bila kumwangusha, mara nyingi ataandikiwa 10-9. Raundi inayofuata mwenzake anamzidi kwa ngumi mbili za wazi tu, naye ni 10-9. Ukimaliza pambano, aliyejaza kilele raundi 5 kafungwa na aliyefuta mdomo raundi 7, na ukumbi mzima unapiga yowe la wizi. Wizi haupo. Kipimo ndicho kilivyo.

Ila kipimo kikichezewa kidogo, raundi ya kubishaniwa ikaandikwa upande usio wake, tuna kitenzi chake tayari: kupunja. Muuzaji aliyekandamiza mzani kwa kidole kakupunja. Niliwahi kununua sato ufukweni nikaambiwa kilo mbili, nikaipima dukani karibu na nyumbani ikasoma kilo moja na nusu. Sikusema nimeibiwa samaki, maana samaki nilikuwa nimemshika mkononi. Nilisema nimepunjwa. Waliporudiana 2018, majaji wawili walimpa Álvarez 115-113 na wa tatu akaandika 114-114. Hizo ni kadi za raundi moja moja. Shabiki wa Golovkin akisema "kapunjwa", nitamsikiliza, hata nisipokubaliana naye. Akisema "kanyang'anywa", nitamwomba anionyeshe nguvu ilitumika wapi, kwa sababu mnyang'anyi hachukui kwa siri.

Kudhulumiwa nakuweka mbali zaidi. Dhuluma inataka mtu aliyeshika haki yako anayejua ni yako, kisha akakunyima. Tajiri wa mtumbwi anayewakata wavuvi wake malipo baada ya samaki kuuzwa, huyo kadhulumu. Ile kadi ya 118-110 ndiyo inayowafanya watu walifikie neno hili. Mimi bado nasita, maana sijui kilichokuwa kichwani mwa jaji. Lakini sitamkemea anayelitumia.

Kwa upande wa pili mna "kubebwa", na mbeleko yake. "Álvarez kabebwa" ni Kiswahili safi cha vijiweni, na hapa kijana wenu angekuwa salama, kwa sababu anayebebwa ni yeye mwenyewe, hakuna "-i-" ya kutafuta. Akiongeza silabi akasema "kabebewa", atakuwa anazungumzia begi lake la mazoezi.

Kwa hiyo soda ni ya mzee, na anayeinunua ni kijana. Huyu wa tatu asinunue wala asinywe: neno kakosa, swali kauliza la maana, namwandikia 10-10.