Jibu: Injini inazima ufunguo ukiachiwa, baada ya kuondoa platini

Habari za Uvinza, ndugu yangu. Nimeelewa kwamba Land Rover yako ya petroli, baada ya kutoa platini (vile vidude vinavyokata na kuunga umeme wa koili) na kondensa yake, na kufunga mahali pake moduli ya kielektroniki ndani ya distributa, inawaka unapopiga stata lakini inazima mara tu unapoachia ufunguo. Yangu ilinifanyia hivyo hivyo hapa Tabora, nami nilikuwa nimeshailaumu moduli bure.

Anza na umeme unaoingia kwenye chanya ya koili, ile inayotengeneza umeme mkali wa plagi. Magari mengi ya zamani yana rezista (kipunguza umeme), au waya maalumu uliofichwa ndani ya fungu la nyaya, unaoshusha volti 12 hadi kati ya 6 na 9 injini inapotembea, na unaorukwa wakati wa stata tu. Platini huvumilia volti hizo ndogo, moduli nyingi hazivumilii, ndiyo maana injini huzima ukiachia ufunguo. Usipime wakati koili haipitishi umeme, kwa sababu mita itaonyesha 12 na kukupoteza: chomoa waya wa moduli kwenye hasi ya koili, washa swichi, gusisha hasi hiyo na bodi ya gari kwa sekunde chache, ndipo usome volti kwenye chanya.

Volti zikishuka, chukua umeme wa moduli upande wa swichi ya ufunguo, kabla ya rezista, na koili uiache ilivyo, ikipata umeme kupitia rezista, hasa ikiwa ni ya omu 1.5. Usiache swichi imewashwa injini ikiwa imezima, maana koili huchemka na moduli huungua. Platini na kondensa vihifadhi garini. Moduli ikifa kati ya Kaliua na Uvinza, utavirudisha kwa bisibisi na kuendelea na safari.