Rola ngumu au rola ya haidroliki kwa V8 ya barabarani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Niko Houston, Texas, na nina Camaro IROC-Z ya 1989 yenye V8 ya 350 (inchi za ujazo), gia otomatiki. Injini nimeifungua, nimeiwekea silinda hedi za alumini na kabureta. Gari hili naendea kazini kila siku, na mara mojamoja nalipeleka kwenye mbio za robo maili. Sidhani nitapita mizunguko 6,200 kwa dakika. Muuzaji wa vipuri ananisisitiza nichukue kamshafti ya rola yenye tapeti ngumu, eti ya haidroliki haina nguvu. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. Chukua ya haidroliki, na pesa itakayobaki itie kwenye springi za valvu na tapeti nzuri.

Muuzaji hajakudanganya moja kwa moja. Tapeti ni kipande kinachosukumwa na kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu; ya rola ina kigurudumu kinachobingirika juu ya kamshafti. Ndani ya tapeti ya haidroliki kuna kipistoni kinachokaa juu ya oili, na ndicho kinachomeza uwazi wote kati ya vipande vinavyofungua valvu. Ndiyo maana tapeti hazigongi na fila geji (kibamba cha kupimia uwazi) hushiki. Sasa mizunguko ikizidi, springi ikashindwa kuirudisha valvu kwa wakati, kipistoni kinapanda kuziba pengo lililojitokeza, valvu inabaki wazi kidogo na injini inaanza kukohoa. Tena tapeti hizo ni nzito, na oili yenye mapovu hubonyea. Tapeti ngumu haina matatizo hayo, kwa hiyo injini ya mashindano inayozunguka 7,500 ina haki ya kuidai. Yako inaishia 6,200. Hapo haidroliki yenye springi sahihi inafika vizuri tu.

Angalia pia usidanganywe na namba za kwenye katalogi. Kamshafti ya tapeti ngumu lazima iachiwe uwazi, mara nyingi inchi 0.016 hadi 0.020, na uwazi huo unakula sehemu ya muda na kimo cha valvu kufunguka. Ngumu ya digrii 238 (ndio muda wa kufunguka, unaohesabiwa tapeti ikiwa imeinuka inchi 0.050) inafanya kazi karibu sawa na haidroliki ya 230. Wengi wanaona namba kubwa wanadhani wamepewa nguvu zaidi.

Kinachonifanya nikukatalie hasa ni foleni za Houston. Watu hudhani rola ngumu huuawa na mbio. Mimi naogopa zaidi injini inayonguruma taratibu taa nyekundu baada ya taa nyekundu. Rola huzunguka juu ya visindano vidogo vya beringi, na katika tapeti nyingi visindano hivyo hutegemea oili inayorushwa na kranki. Injini ikizunguka polepole, oili inayorushwa ni kidogo. Wakati huohuo, kila uwazi unapofungwa rola inapigwa kama nyundo, na springi ya tapeti ngumu inakandamiza kwa ratili 200 hivi valvu ikiwa imefungwa, na 500 au zaidi ikiwa wazi. Haidroliki yako itatosheka na 130 hadi 140, kisha 330 hadi 360. Kisindano kimoja kikivunjika, vipande vinasambaa kwenye injini nzima, na hapo hatuzungumzii tena bei ya tapeti. Siku hizi zipo tapeti ngumu zinazopelekewa oili ya presha hadi kwenye rola, na nyingine zina bushi badala ya visindano. Ni bora sana, na bei yake pia si ya mchezo. Bado utakuwa unafungua vifuniko vya valvu kukagua uwazi.

Kwa matumizi yako ningetafuta digrii 220 hadi 226 upande wa kuingiza hewa, na kimo cha inchi 0.500 hivi. Ukizidi hapo, vakumu, yaani mvuto wa hewa wa injini unaosaidia breki, inapungua, breki zinakuwa ngumu, na gia otomatiki italalamika ukiwa umesimama.

Una bahati moja: hiyo 350 ilitoka kiwandani na rola ya haidroliki, kwa hiyo bloku tayari ina vishikizo vinavyozuia tapeti zisijigeuze, na bamba la kuzuia kamshafti isisogee mbele. Ukitumia tapeti za muundo wa kiwandani, pushirodi (fimbo zinazopandisha msukumo wa tapeti hadi kwenye roka, mikono inayobonyeza valvu) ni za inchi 7.2 hivi, si zile za 7.8 za injini za zamani. Hata hivyo pima, kwa sababu hedi umebadilisha. Wakati wa kuseti, kaza nati ya roka hadi uwazi uishe, kisha ongeza nusu mzunguko, usizidishe.

Na kabla ya kulipa, muulize mtengenezaji gia ya distributa (kigawa umeme wa plagi, kinachozungushwa na kamshafti) inayokubaliana na kamshafti hiyo. Kamshafti nyingine za feleji hutafuna gia ya chuma cha kusubu na kudai ya shaba nyeusi au ya plastiki ngumu. Jibu hilo litoke kwake, si kwa muuzaji.