Je, Kumwambia Mungu "Nimechoka" ni Kukosa Imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Tangu mama yangu mzazi, ambaye ni mzee, alipopooza upande mmoja, tunasoma naye Zaburi kila jioni kisha tunasali. Mama humwambia Mungu waziwazi kwamba amechoka na kwamba anajiona kama ameachwa. Mwenzetu mmoja katika kikundi cha maombi ametuonya kuwa maneno hayo ni ya kukosa imani, na kwamba mgonjwa anapaswa kukiri nguvu na uponyaji tu. Je, ni kweli? Na Zaburi zinapomwomba Mungu "aturudishe", zinaomba nini hasa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu mpendwa, pole sana kwa kuuguza, na umfikishie mama salamu zangu. Mama hajakosa imani. Anasali kama walivyosali Waisraeli, na nakuomba usimnyamazishe.

Fungueni Zaburi ya 22. Katika mstari wa 15 mwombaji anasema, "Nguvu zangu zimekauka kama gae," yaani kipande cha chungu kilichovunjika, kisicho na unyevu hata kidogo. Mistari minne tu baadaye, mtu huyohuyo, akiwa bado katika dhiki ileile, anamwita Mungu "Ee Nguvu zangu" na kumsihi afanye haraka kumsaidia. Hakusubiri apate nafuu ndipo amwite Mungu kwa jina hilo, wala hakuficha kwamba yeye mwenyewe amekauka. Tena ni maneno ya kwanza ya Zaburi hii, yale ya kuuliza kwa nini Mungu amemwacha, ambayo Bwana Yesu aliyalia msalabani (Mathayo 27:46). Sidhani kama yupo kati yetu atakayethubutu kuiita sala hiyo ya kukosa imani.

Kuhusu swali lako la pili, Zaburi inayolijibu vizuri zaidi ni ya 80, ambayo ni ya Asafu. Inataja Efraimu, Benyamini na Manase, na inaomboleza taifa lililofananishwa na mzabibu ambao Mungu aliutoa Misri akaupanda, lakini sasa ukuta wake umebomolewa, kila apitaye anauchuma, na nguruwe wa msituni anauharibu. Mara tatu, katika mistari ya 3, 7 na 19, kiitikio kinarudi: "uturudishe, uangazishe uso wako nasi tutaokoka." Angalia jinsi wanavyomwita Mungu: kwanza wanasema Mungu, kisha Mungu wa majeshi, na mwishoni BWANA, Mungu wa majeshi. Kadiri wanavyoendelea kulia ndivyo wanavyozidi kumshika kwa majina yake. Na katika mstari wa 14, watu hawa wanaoomba warudishwe wanamwomba Mungu mwenyewe arudi, atazame kutoka mbinguni na kuujilia mzabibu wake. Kwa hiyo wanachokiomba hasa ni uso wa Mungu uwaelekee tena. Ukuta na mavuno watavipata humo.

Ombi hilo la uso linakaribiana sana na baraka ya Haruni katika Hesabu 6:24–26, ambayo makanisa yetu mengi huitamka mwisho wa ibada. Mwaka 1979, katika makaburi ya kale ya Ketef Hinnom huko Yerusalemu, wachimbuaji walipata vipande viwili vidogo vya fedha vilivyokunjwa kama karatasi, vyenye maneno ya baraka hiyo, vinavyokadiriwa kuwa vya karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo. Watu wa zamani walizikwa na maneno hayo. Katika Zaburi ya 80, waliokuwa wakibarikiwa kwa maneno ya namna hiyo wanamrudia Mungu kumdai, kwa heshima, alichowaahidi.

Mwenzenu huyo msigombane naye. Mwombeni asome pamoja nanyi Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila jibu lolote, ingawa mstari wake wa kwanza unamwita Mungu kuwa Mungu wa wokovu. Ingekuwa vibaya kusali hivyo, isingewekwa katika kitabu cha sala cha Israeli.

Mama naye mwanzishieni Zaburi ya 71, kwa kuwa ni sala ya mtu wa umri wake. Mstari wa 9 unasema, "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Mstari wa 18 unaeleza anataka asiachwe kwa ajili ya nini: apate kuwasimulia walio wa kizazi kinachofuata habari za nguvu za Mungu. Hiyo ni kazi anayoweza kuifanya akiwa kitandani, na ulimi ukiwa mzito pia. Msome polepole, na kila anapotaka kuongeza maneno yake, msimame mpaka amalize.