Aikabili, ndiyo, lakini siku aichague mwenyewe

Ndugu mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama mtu anayeshikwa na hofu ya ghafla, moyo ukamwenda mbio na pumzi ikamkata, anaweza kupona kwa kukikabili kinachomtisha. Nilishika simu niandike hapana. Nimechoka na wanaosema "jikaze tu"; wengi wao hawajawahi kukaa na mtu aliye kwenye hali hiyo.

Mimi nimekaa na mdogo wangu, kwenye pantoni ya Kigamboni, hapa Dar es Salaam. Hofu ilimwanza baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama kule Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018, watu zaidi ya 200 wakafa. Hatukuwa na ndugu mle, lakini tangu hapo akawa anazungukia Daraja la Nyerere kwenda kazini Posta, wakati kwa pantoni ni dakika chache tu upo Magogoni. Shemeji akaona nauli inapotea bure. Asubuhi moja akamwambia leo unavuka, dawa ya moto ni moto.

Geti lilipofunguliwa watu wakamiminika kama kawaida, bodaboda, mikokoteni, wanafunzi, naye katikati amevutwa mkono. Pantoni ilipoachana na gati tu, ikamshika. Jasho likamtiririka, midomo ikapauka, vidole vikajikunja vikakakamaa. "Dada, mikono imekufa. Nakufa." Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akaanza kumsomea dua. Mwingine akasema huyo ana majini ya baharini, atafutiwe ubani. Shemeji kasimama mbele yake, anarudia, "Angalia maji! Angalia maji!" Tunafika Magogoni mdogo wangu kakaa chini kwenye bati lenye oili, sketi ya kazini imeharibika, watu wanamruka wawahi kushuka. Baada ya hapo hata daraja likaanza kumtisha.

Hospitali walimpima moyo kwanza, ukaonekana mzima. Daktari akamweleza kwamba ukipumua haraka kupita kiasi, kaboni dioksidi inapungua kwenye damu, na ganzi ya vidole inatokana na hapo. Akamwambia pia hofu ya aina ile mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka yenyewe. Basi mdogo wangu akaanza kwenda getini tu, anatazama pantoni ikiondoka, anarudi nyumbani. Baadaye akapanda Jumapili mchana, siku aliyoichagua yeye. Hofu ilimpanda katikati ya mkondo, nikaiona shingoni mwake. Hakufumba macho wala hakunishika. Akaiacha ipande mpaka ikachoka.

Sasa nikisoma nilichoandika, ile hapana yangu haina pa kusimama. Kilichomsaidia ni pantoni ileile iliyomwangusha. Kwa hiyo niandikeni ndiyo, ila swali lenu mngeliuliza hivi: nani anaamua siku ya kuikabili? Akiamua mwenye hofu, kidogo kidogo, naiunga mkono. Akiamua mume, mchungaji au bosi, siiungi.

Tena nasema hivi kwa mtu ambaye moyo wake umeshapimwa. Maumivu ya kifua yasifanyiwe majaribio ya ujasiri. Na aliyenusurika kwenye ajali yenyewe simweki kwenye ndiyo yangu. Huyo aanze na mtaalamu, pantoni itamsubiri.

Msomaji wenu, Kigamboni